Siwezi Kumsamehe Muriithi kwa Kabureta Zangu Mbili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wazee,
Kanisa la Kirigu,
karibu na Mweiga, Nyeri.

Tarehe 9 Juni, 1987

Bwana Mwenyekiti Ngatia,

KUH: KUKATAA KUMSAMEHE NDUGU MURIITHI

Kabla ya malalamiko yangu, ni lazima nitoe kwanza jambo nililolificha kwa miaka ishirini na mitatu, maana daktari amenishauri nisianze kusoma kitabu kinene. Jambo lenyewe ni hili: mimi, niliyeongoza kwaya yenu tangu mwaka wa 1961 hadi miguu iliponiacha mwaka jana, sina sikio la muziki. Sijawahi kuwa nalo. Nikiambiwa nitoe do, naweza kutoa noti yoyote iliyo karibu.

Mnakumbuka kile chuma cha sauti walichotuachia wamisheni, chenye meno mawili, ambacho hugongwa gotini kikatoa do. Niliwaambia kwamba kiliibwa. Hakikuibwa. Mwaka wa 1964 nilikitumia kubandua kifuniko cha kabureta ya pikipiki yangu, jino moja likakatika, nami nikakizika penye shina la mparachichi nyuma ya nyumba. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kwaya bila chuma na bila do. Nje ya dirisha, pikipiki ilikuwa bado inaunguruma kwa sababu ilikuwa ngumu kuwaka tena ikizimwa. Sikuwa na msaada mwingine. Niliuiga mngurumo wake, mkaupokea, na mkaimba vizuri kuliko siku zote. Baada ya ibada mlisema, "Mwalimu hahitaji chuma. Mwalimu ana do kichwani." Nilitaka kukanusha, lakini mlikuwa mmekwisha kupiga makofi.

Kwa hiyo, kwa miaka ishirini na miwili, kwaya ya Kirigu iliimba katika ufunguo wa pikipiki. Ndiyo maana nilikuwa naiacha ikinguruma chini ya dirisha wakati wote wa nyimbo, nikisema ati kiki yake ya kuiwasha imechoka. Mara moja hata mlinishukuru kwa kujitolea petroli yangu kwa kazi ya Bwana.

Baada ya kusema hayo, naomba sasa kulalamika.

1. Jumamosi iliyopita wazee saba wa kamati yako walikuja kunitembelea kitandani. Nashukuru kwa maombi, ingawa mzee aliyeomba alinitaja kwa wakati uliopita. Kisha, nikiwa na kipimajoto mdomoni, waliniuliza kama nimemsamehe Muriithi ili niende kwa amani. Nilikohoa. Katika kukohoa kichwa kilishuka, na Katibu akaandika kwamba nimekubali. Naomba neno hilo lifutwe. Kikohozi si azimio.

2. Huenda wajumbe wako hawaelewi uzito wa kosa la Muriithi kwa sababu hawaelewi kabureta. Wewe mwenyewe nilikufundisha darasa la nne, na najua hukuelewa mambo mengi. Nitaeleza polepole.

Pikipiki yangu, niliyoinunua mwaka wa 1963 kwa mkulima Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo, ina silinda mbili, na kila silinda ina kabureta yake. Kabureta ndiyo mpishi: huchanganya petroli na hewa na kuipakulia injini. Wapishi wawili katika jiko moja ni lazima wakubaliane. Kwanza unaiacha injini ipate joto, maana injini baridi husema uongo. Kisha unachomoa waya wa plagi ya kushoto, ili silinda ya kulia ipate kuungama peke yake. Unaikaza skrubu yake ya hewa kwa upole mpaka mwisho, unairudisha mzunguko mmoja na nusu, halafu unaitafuta mbele na nyuma, robo kwa robo, mpaka mapigo yawe sawa. Unafanya hivyo hivyo upande wa pili. Kisha unatazama kebo, maana kabureta zote mbili ni lazima zifunguke pamoja, kama waumini wanaosimama kuimba: akichelewa mmoja, mstari mzima unaonekana mbaya. Mwisho kabisa kuna skrubu mbili ndogo za mngurumo, moja kila upande. Hizo ndizo zinazoamua injini itaunguruma juu au chini ikiwa haiendi popote. Kwa watu wengine hizo ni skrubu. Kwa Kanisa la Kirigu, Bwana Mwenyekiti, hizo zilikuwa ndizo do.

3. Mwezi wa Agosti, 1968, tulipoalikwa kwenye mashindano ya kwaya kule Murang'a, Muriithi alikuja kwangu siku ya Alhamisi na mkoba wake wa spana. Alikuwa fundi wa injini pale Mweiga, na ndiye aliyekuwa besi yetu ya kwanza, mwenye sauti ya chini hata madirisha yalikuwa yanaitikia. Alisema, "Mwalimu, hii pikipiki iko na usingizi. Mlima wa kutoka mtoni inaupanda kama mgonjwa. Wacha niiamshe kidogo." Sikumwita. Nataka hilo liandikwe. Nilimpa tu chai, na mandazi, na bisibisi yangu, maana ya kwake alikuwa ameisahau nyumbani.

Alifanya kazi tangu asubuhi hadi saa tisa. Aliosha kabureta zote mbili kwa petroli, akapuliza matundu ya shaba kwa mdomo, akabadilisha sindano moja iliyokuwa imelika. Alitega mpira mwembamba, ncha moja sikioni na ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akazisikiliza zikivuta pumzi kama daktari. Wakati wote huo alikuwa akinguruma mwenyewe kooni, jambo lililonikera. Alipomaliza alitia tone la rangi nyekundu juu ya kila skrubu ya mngurumo, kama mtu anayetia alama ng'ombe wake katika boma la jirani.

Sitamdhulumu. Pikipiki iliupanda mlima ule kama mbuzi aliyenusa chumvi. Lakini nauliza: nani aliomba ipande?

4. Nakuja kwenye msiba wenyewe. Kwaya ilipanda lori, mimi nikatangulia na pikipiki. Nilipofika Murang'a niliiegesha chini ya dirisha la ukumbi, ikinguruma, kama kawaida. Zamu yetu ilipofika nilisogea dirishani, nikasikiliza, nikawapa do. Wewe mwenyewe ulikuwa pale, Bwana Mwenyekiti, sauti ya tatu, mstari wa nyuma, na unajua kilichotokea. Do ile haikuwa do. Ilikuwa imekwisha kupita re na ilikuwa inabisha hodi kwa mi.

Mlianza vizuri kwa sababu wimbo ulianza chini. Ubeti wa pili ukapanda. Monicah, aliyekuwa sauti yetu ya kwanza, binti mpole ambaye hajawahi kumkosea mtu, aliifikia noti ya juu kwa vidole vya miguu, akaishika, ikamponyoka, na kilichotoka baada ya hapo hakikuwa wimbo wala kilio. Mbwa wa sokoni waliitikia. Jaji aliandika, na karatasi yake ninayo hapa chini ya mto: "Sauti ya kwanza ilikwenda mahali ambapo hatukuweza kuifuata." Tulikuwa wa mwisho. Kombe lilichukuliwa na Kianyaga, ambao walitoa do yao kwa filimbi ya plastiki.

5. Jumatatu yake nilisimama mbele ya kamati na kumshtaki Muriithi. Kwa kuwa sikuweza kutaja siri ya do, nilisema kwamba alizichezea kabureta zangu hata pikipiki ikatetemeka vibaya njia nzima, na kwamba mtetemo ule ulilihamisha sikio langu. Kamati ilikubali maelezo hayo kwa kauli moja, jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Muriithi aliamriwa akae benchi la nyuma na asiimbe mpaka aombe radhi.

Hakuomba. Alisema maneno mawili tu: "Mwalimu anajua." Kisha akaenda kukaa karibu na mlango, na huko amekaa miaka kumi na tisa akiwa amefunga mdomo. Nalalamikia sana mdomo huo. Mtu akifunga mdomo nyuma ya kanisa unamsikia mpaka mbele. Kila nikiinua mkono kuanzisha wimbo nilikuwa nasikia mahali ambapo besi haipo.

Tena, watu wa Mweiga waliacha kumpelekea injini, wakisema fundi aliyeharibu kwaya atashindwaje kuharibu trekta. Sasa anatengeneza majiko ya mafuta ya taa na mabomba ya kunyunyizia dawa kwenye viazi. Na akipita kwenye lango langu ananisalimia. "Habari ya asubuhi, Mwalimu." Bila hasira! Nimeripoti jambo hili kwa mke wangu Wakonyo mara nyingi, naye anasema hiyo ni salamu. Mimi najua salamu, na ile siyo.

6. Madhara hayakuishia Murang'a. Skrubu zile hazikurudishwa, na do ile iliyopotoka ndiyo niliyoendelea kuwapa kila Jumapili. Nimehesabu kwamba tangu Agosti 1968 kanisa letu limefungisha ndoa arobaini na tatu, zote zikiimbiwa katika ufunguo usio wake. Ya kwako, ya mwaka wa 1970, ni ya tano. Sisemi kwamba ndoa yako si halali. Nasema tu kwamba mwenye shaka atakuwa na pa kuanzia.

7. Mwaka wa 1984 mvua ilikataa, na kanisa liliimba kuomba mvua majuma matano mfululizo. Sote tulistaajabu kwa nini hatukusikiwa. Mimi sikustaajabu. Ukirusha jiwe juu sana linapita ndege. Nyimbo zile ziliyapita mawingu zikiwa juu kupita kiasi, zikaenda kuwasumbua watu wengine huko. Ng'ombe wa Mweiga walikaukiwa maziwa, viazi vikatoka ardhini vikubwa kama gololi, na yote hayo, ukifuata uzi kwa subira, yanaishia kwenye bisibisi ya Muriithi. (Ilikuwa bisibisi yangu, lakini mkono ulikuwa wake.)

8. Nasikia kwamba kombe letu, kule Kianyaga, linatumika kupimia maharagwe.

9. Kwa haki, hewa ya Murang'a pia ina lawama. Mji ule uko chini kuliko sisi, na hewa yake ni nzito kama uji wa wimbi. Kabureta iliyozoea hewa yetu nyepesi ikishushwa huko hupewa hewa kupita kipimo, ikachanganyikiwa. Nilimwandikia mkuu mmoja wa Murang'a mwaka wa 1969 nikipendekeza mji upandishwe kidogo, au mashindano yafanyiwe Nanyuki. Sijajibiwa mpaka leo.

Kwa sababu hizo zote, Bwana Mwenyekiti, naomba kamati yako iamue haya kabla sijaondoka, na nakusihi usicheleweshe kikao. Ndoa zote arobaini na tatu ziimbiwe upya, kwa pamoja, siku moja ya Jumamosi, walio hai wasimame na waliokufa wawakilishwe. Kianyaga warudishe kombe, likiwa limeoshwa. Kwenye mazishi yangu kwaya isiimbe wimbo wowote unaopanda juu ya fa, maana Monicah sasa ni bibi wa wajukuu sita na vidole vya miguu vimechoka. Nanyi mmepanga, bila kuniuliza, kwamba pikipiki yangu itangulie jeneza, na kwamba Muriithi aitwe kuiwasha kwa sababu hakuna mwingine anayeiweza. Napinga. Asiguse chochote.

Na kuhusu msamaha, jibu langu ni lile lile. Siwezi kumsamehe Muriithi. Nimejaribu. Nimelala hapa wiki sita nikijaribu, nikitazama dari, na kila nikifika kwenye neno lenyewe linakwama kama plagi iliyokwama kwenye uzi wa tundu lake. Nikifa kabla ya kulisema, mjue halikukwama kwa ukaidi peke yake.

Msalimie mama wa kwako, ambaye hana hatia katika jambo la namba sita. Wasalimie wazee wote saba, na mwambie yule aliyeomba kwamba bado nipo. Msalimie Monicah. Isalimie kwaya nzima, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya tatu. Ya nne siwezi kuisalimia, kwa kuwa haipo.

Ni mimi mwalimu wenu, ninayeandika kwa mkono wangu mwenyewe,

Zakayo Mutahi (Mstaafu)

N.B. Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa. Nimeifungua kwa mvuke wa sufuria ya chai, na ndiyo maana karatasi imejikunja.

Leo asubuhi, saa nne, Wakonyo aliingia akaniambia, "Baba Ngendo, yule mtu unayemkataa kwenye barua yuko kwa banda. Anasema ametumwa na kamati kuangalia kama pikipiki itawaka." Nilimwambia amfukuze. Akaniuliza, "Nimfukuze na nini? Nimempa kiti." Kisha akafungua dirisha, akaenda zake.

Nilimsikia Muriithi akiosha kabureta. Nilimsikia akipuliza matundu. Alipiga kiki mara nne, pikipiki ikakohoa kama mimi, mara ya tano ikawaka. Akaiacha ipate joto. Halafu akaanza kunguruma kooni, kama Alhamisi ile, na kwa mara ya kwanza, nikiwa sina kazi nyingine ila kusikiliza, nikasikia alichokuwa anakifanya. Koo lake lilikuwa mahali pamoja na pikipiki ilikuwa mahali pengine, juu kidogo. Akaishusha. Robo. Robo nyingine. Pikipiki ikateremka ikalikuta koo lake, vikawa sauti moja, na kikombe cha chai kilichokuwa juu ya sanduku kikaitikia.

Ilikuwa do, Bwana Mwenyekiti. Hata mimi niliijua.

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Mtu wa besi anayesimama karibu na dirisha miaka minne atakosaje kujua? Alhamisi ile alipokuja kuiamsha pikipiki, aliamsha kila kitu isipokuwa do. Hiyo aliipima kwa koo lake mwenyewe, akaiacha mahali pake, akatia rangi nyekundu ili nisipotee. Na mlipomsimamisha mbele ya kamati angeweza kuwaambia kwamba mwalimu wenu anaazima noti kwa pikipiki, mkacheka mpaka leo. Alisema tu kwamba najua.

Kabla hajaondoka alimwambia Wakonyo, nami nikasikia kupitia dirishani, "Mama Ngendo, mwambie Mwalimu iko sawa sasa. Kuna mtu alikuwa ameipandisha nusu."

Mtu.

Basi futa namba tatu hadi tisa. Ya kwanza iache, maana kikohozi bado si azimio. Mrudisheni Muriithi mstari wa mbele Jumapili hii hii, msingoje mazishi, na siku ya mazishi wimbo upande popote besi itakapoubeba. Mwambieni pia kwamba pikipiki ni yake, na chuma cha sauti, chenye jino moja, kiko penye shina la mparachichi.

Lakini jambo moja libaki kama nilivyoliandika: siwezi kumsamehe, kwa sababu hakuna nilichokosewa. Asubuhi ya mashindano, pale Murang'a, kabla lori lenu halijafika, mwalimu wa kwaya ya Kianyaga, Bwana Kingori, alisimama kando ya pikipiki yangu na watu wake, akaisikiliza, akasema, "Hii inanguruma kama nyanya yangu akisinzia." Walicheka. Nami nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nilitaka ingurume kama pikipiki ya kijana. Nilivunja rangi nyekundu upande wa kushoto, kisha upande wa kulia, na nusu mzunguko kila upande, mbele ya watu wa Kianyaga, skrubu zote mbili nilizizungusha mimi.